Wasifu wa baba wa dakika tano: niusome ule mstari wa daftarini au niuache?

Binti_wa_Leja
Jumatano, saa 4:50 usiku

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu.

Baba yetu ametutoka Jumatatu alfajiri hapa Mwanza, akiwa na miaka 81. Kesho usiku tunasafiri kwenda Muleba, maziko ni Jumamosi kibanjani kwake, yaani shambani pale nyumbani. Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika na kusoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nakaa naye, na eti kwa kuwa sauti yangu haitetemeki. Dakika tano, wamesema. Padre ana misa kigango kingine.

Kaka yangu mkubwa kanitumia wa kwake kwenye simu, tayari umeandikwa. Alizaliwa 1944, akasoma, akaajiriwa benki 1966 akiwa karani, akapanda mpaka meneja wa tawi, akastaafu kwa hiari 1999, ameacha watoto watano na wajukuu kumi na wanne, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Hakuna uongo humo hata kidogo. Ila ukifuta jina la baba ukaandika la jirani, na jirani naye anazikwa nao vizuri tu.

Baba alikuwa mtu wa benki mpaka kwenye kunyoa ndevu. Nilipokuwa bweni Rugambwa, kila mwezi nilipata barua yake, na juu kabisa kwa herufi kubwa ilikuwa imeandikwa YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 6. Kisha aya zenye namba. Moja, barua imepokelewa. Mbili, mama yako hajambo, mguu umepona. Tatu, fedha ulizoomba ni nyingi kuliko sababu ulizotoa. Nimetuma nusu, leta sababu nyingine. Nne, usiache kula. Halafu sahihi yake nzima, ile ile ya benki, yenye mkia unaorudi nyuma kukata jina. Wenzangu walikuwa wananiomba niwasomee kwa sauti kabla ya kuzimwa taa.

Tulihamahama naye. Mwanza, Shinyanga, Tabora, Singida, tena Mwanza. Ukituuliza sisi watano tumezaliwa wapi, unapata faili lake la uhamisho. Godoro la wazazi lilipanda lori la kwanza, na mama alibeba mche wa mgomba kwenye ndoo kila tulipokwenda, hata Singida ambako kila mtu alimcheka, na haki ya Mungu ule mgomba haukuzaa.

Miaka ya sukari ya foleni, nadhani 1982, mfanyabiashara mmoja alituletea gunia zima nyumbani. Baba hakuwepo. Mama akalipokea kwa kuwa alishalikuta sebuleni, nasi tukachota bakuli moja tukanywa uji mtamu baada ya sijui miezi mingapi. Jioni baba akarudi, akaliona, hakupaza sauti. Akaita mkokoteni. Gunia likarudi, na juu yake akaweka bahasha yenye fedha za bakuli moja. Aliyachukua mabakuli yetu yote akayapima kwanza ili ajue ni lipi lililotumika.

Sasa swali langu. Jana tumefungua sanduku lake la bati tukitafuta cheti cha ubatizo, tukakuta kaunta buku ya kwaya tatu, yale madaftari manene, jalada limefunikwa na kalenda ya zamani. Ndani kila mtoto ana ukurasa wake. Kushoto tarehe, katikati maelezo, kulia shilingi. Ada, viatu, dawa ya minyoo, nauli, "godoro la bweni", "meno". Mtoto alipoanza kujitegemea, baba amepiga rula mistari miwili myekundu chini ya hesabu na kuandika IMEFUNGWA, na tarehe. Yote ni matoleo. Upande wa kuingiza hana hata senti tano.

Mama naye ana kurasa zake, na hizo sikuweza kuzimaliza. Mama alipata kiharusi 2010 na baba akamuuguza miaka sita. Alikataa msichana wa kazi amlishe. Humo hakuna shilingi, kuna saa. "Saa 2, uji nusu kikombe. Saa 4, amegeuzwa. Saa 7, hajala. Saa 7.40, amekula kidogo, amecheka." Siku baada ya siku, kwa mwandiko ule ule wa leja.

Ukurasa wangu umefungwa 2004, mwaka nilioolewa. Mistari miwili ipo. Chini yake, kwa wino mwingine, ameandika:

*Imefunguliwa upya 14/3/2009. Watu 2.*

Hiyo ndiyo Jumamosi niliyoshuka kwenye basi nikitokea kwa mume, mtoto wa miaka miwili mgongoni, begi moja. Sikuwa nimepiga simu. Baba alifungua geti, akachukua begi, akauliza, "Mmekula?" Basi. Mpaka anakufa hajawahi kuniuliza lingine juu ya siku ile. Usiku nilisikia anaburuta kitu, asubuhi nikakuta meza yake na redio yake vimehamia kwenye korido, na chumba chake cha magazeti kina kitanda.

Mimi nataka kuusoma mstari ule. Kaka hataki. Anasema watu wa upande ule ni wa kata moja na sisi, watakuja kuzika, wataona tunawapiga mafumbo mbele ya jeneza. Anasema pia kwamba wasifu ni wa marehemu, si wangu. Hapo ndipo aliponibana.

Mlioandika nyasifu, mngefanyaje?

---

Mjomba_Igoma
Jumatano, saa 5:15 usiku

Pole sana dada, poleni familia nzima.

Sina la hekima, nina la vitendo. Uchapishe kwa herufi kubwa, maana machozi yakija herufi ndogo zinaogelea. Upitie kwa sauti mara mbili ukiwa na saa. Na wajukuu usiwataje kwa majina. Mimi nilisoma wa baba mkwe nikawataja wote ishirini na wawili pamoja na shule wanazosoma, jua la saa saba, mama mmoja wa kwaya akaanguka.

Ile ya mabakuli usiiache.

---

Kwetu_Nyumbani
Alhamisi, saa 1:05 asubuhi

Pole kwa msiba. Mimi nitasema kinyume na utakavyopenda.

Kaka yako ana hoja. Msibani watu wanasikia wanachokitaka. Ukisema "imefunguliwa upya" pale kijijini, nusu ya waombolezaji hawatamwona baba yako, watageuza shingo kuangalia wale watu wa mumeo wa zamani wamekaa turubai gani. Umemzika mzee au umefufua kesi?

Halafu kuna huyo mtoto wa miaka miwili. Kwa hesabu yangu sasa ana kumi na minane. Hiyo "Watu 2" mmoja ni yeye. Umemuuliza? Wewe una haki ya kusimulia ulivyorudi. Yeye alibebwa tu mgongoni, na Jumamosi macho yote yatamgeukia.

Soma mambo ya mama. Hayo hayana ugomvi na mtu.

---

Keshia_Mstaafu
Alhamisi, saa 3:40 asubuhi

Binti yangu, pole. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na miwani nimeivua mara mbili.

Sitauliza jina la mzee. Benki ya Taifa ya Biashara ilikuwa kubwa lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tulijuana, na kama ni yule ninayemdhania nitamlilia kimya kimya. Mimi niliingia 1974, Shinyanga, kaunta. Walioingia 1966 kwetu sisi walikuwa kama kaka wa ukoo. Wale ndio waliopokea noti za zamani za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na kutoa shilingi mpya ya Tanzania, Benki Kuu ilipofunguliwa mwezi Juni mwaka ule. Hawajazoea noti, likaja Azimio la Arusha. Tarehe 5 Februari 1967 kijana analala akiwa karani wa benki ya Waingereza, kesho yake Mwalimu anatangaza mabenki ni mali ya umma. Mabwana wakubwa wakafunga mizigo, na vijana wa miaka ishirini na kitu wakakabidhiwa funguo. Kama kuna anayejiuliza kwa nini wazee hawa walipima mabakuli, ni kwa sababu waliambiwa mapema sana, na hadharani, kwamba fedha ile ni ya kila mtu.

Na ilikuwa kazi ya mikono. Miaka ile ya sabini noti kubwa kabisa ilikuwa ya shilingi mia. Msimu wa pamba ukifunguka, fedha ya kuwalipa wakulima inatoka kwenye magunia, Land Rover moja, askari wawili, vumbi mpaka kwenye meno. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na mamlaka za mazao kushika ununuzi, sisi kaunta tuliona majina ya akaunti yanabadilika, foleni ya wakulima ni ile ile. Unahesabu kwa vidole na sponji yenye maji. Jioni unafunga. Ukipata shoti, yaani pungufu, ya shilingi tano hakuna anayekwenda nyumbani, na isipopatikana inatoka mfukoni mwako. Ova, yaani fedha kuzidi, ilikuwa mbaya zaidi, usidhani ni bahati. Ova maana yake kuna mkulima anarudi kijijini na pungufu, na hajui. Nilikuwa na meneja ambaye kwa ova ya shilingi ishirini alitutuma na baiskeli.

Sasa nije kwenye mstari wako, maana hapo nina la kusema kama mtu wa kazi ile, na sijui kama wengine hapa wameliona.

Akaunti ikishapigwa mistari miwili imekufa. Haifunguliwi upya. Mteja akirudi, unamwandikia fomu mpya, kadi mpya ya sahihi, namba mpya, ukurasa mpya. Inayoamshwa ni ile iliyolala tu, ile ambayo mwenyewe hajaigusa siku nyingi, na hata hiyo keshia haiamshi, ni mpaka meneja aweke sahihi. Mzee wako alikijua kitu hiki kuliko anavyojua jina la baba yake. Kaunta buku ya kwaya tatu ina karatasi tele. Angefuata utaratibu angekupa ukurasa mpya. Akarudi kwenye ule ule, akaandika chini ya mistari aliyoipiga kwa mkono wake. Kwetu sisi hilo ni kosa la kuitwa ofisini.

Kaka yako anasema wasifu ni wa marehemu. Ni kweli. Hilo kosa ni la marehemu.

Nenda kaangalie kitu kimoja: pembeni ya mstari huo, aliweka sahihi?

---

Binti_wa_Leja
Alhamisi, saa 11:20 jioni

Shikamoo mzee wangu.

Ipo. Ndogo, pembeni kabisa karibu na uzi wa kushonea, ndiyo maana sikuiona juzi. Ile yenye mkia.

Nimekaa na daftari hili siku mbili nikidhani nalisoma. Ahsante.

Na wewe Kwetu_Nyumbani, ahsante pia, ingawa ulinichoma. Nimemuuliza mwanangu. Yuko kidato cha sita, ni mtu wa maneno machache kama babu yake. Kalichukua daftari, kauangalia mstari ule kwa muda, kasema, "Mimi ndiye wa pili?" Nikasema ndiyo. Kasema, "Soma. Ila usinitazame."

Kuhusu watu wa upande ule umenishinda. Sitataja kurudi, sitataja basi, sitataja mume. Nitasema tu kwamba baba alikuwa akiwafungia watoto hesabu wakijitegemea, na kwamba mmoja wetu ilipobidi, alimfungulia. Anayejua atajua.

Sasa la kaka. Nilimfuata chumbani kwa baba anapopanga nguo za safari, nikampa daftari, nikamwambia asome ukurasa wake kabla hajanikataza mimi wa kwangu. Alikuwa hajaufungua, mnaamini? Siku mbili nzima amelizunguka kama jiko la moto. Wa kwake umefungwa 1992. Umefunguliwa upya 1996, kazi ilipokwisha. Umefungwa. Umefunguliwa upya 2003, "mashine ya kusaga, imeharibika". Umefungwa tena kwa mistari ambayo rula iliteleza. Sahihi zote mbili zipo.

Alicheka kwanza. Akasema, "Mzee aliniambia ile ya mashine ameisahau." Halafu akakaa juu ya kitanda cha baba, shati la mzee mkononi, na nikatoka nikamwachia nafasi.

Amekuja baadaye jikoni kuniambia maneno mawili. "Mmoja wetu" nisiandike. Niandike "wawili wetu".

Gari linaondoka saa tatu usiku. Tuombeeni safari.

---

Mjomba_Igoma
Alhamisi, saa 11:45 jioni

Safari njema. Dada, sasa una dakika nane, nimekupigia hesabu. Toa vyeo, toa matawi, bakiza Singida na mgomba.

---

Binti_wa_Leja
Jumapili, saa 3:30 usiku

Tumemzika. Nawashukuru wote, hata mlionipinga.

Nilisoma dakika saba, padre alitazama saa mara moja tu. Vyeo vya baba vilichukua sentensi moja. Mabakuli yalichekesha, na mimi sikutegemea kicheko kibanjani. Barua ya YAH nayo ilichekesha, hasa kwa wazee waliowahi kufanya kazi serikalini. Nilipofika kwa mama na zile saa, wanawake wa jumuiya wakanyamaza kabisa, na hapo ndipo sauti yangu isiyotetemeka ikatetemeka, kaka akaja kusimama karibu yangu. "Wawili wetu" aliisoma yeye. Mwanangu sikumtazama kama tulivyokubaliana, ila shangazi anasema alikuwa anaangalia viatu vyake na anatabasamu. Wale wa upande ule walikuwepo, walizika vizuri, mama mkwe wa zamani alinishika mkono hakusema neno. Sijui alisikia nini, na leo sitaki kujua.

Kuna ukurasa mmoja sikuusoma. Wa mwisho kabisa, ameandika juu yake MIMI. Una mistari minne. Viatu jozi moja. Betri za redio. Miwani. "Senene, pakiti 2, tamaa tu."

Basi jana usiku baada ya watu kupungua tukakaa sebuleni kuhesabu rambirambi. Tulikuwa sita: sisi watoto na mwanangu akiwa mwandishi. Daftari la majina linasema hivi, fedha mezani zinasema pungufu ya shilingi 2,000. Mdogo wetu akasema, jamani, elfu mbili, tulaleni, nitaitoa mimi. Kaka akamtazama kama mtu aliyetukana.

Tukahesabu tena. Tukatenganisha noti kwa aina, tukafunga mabunda, tukapitia jina kwa jina, mmoja anasoma mwingine anatia tiki, kama tulivyokuwa tukimwona baba akifanya na ada zetu mezani. Pungufu ile ile. Taa ya umeme ikakatika, tukaendelea na ya simu. Saa nane na robo mwanangu akaanza kupasua bahasha tupu moja baada ya nyingine, akazifungua mpaka kwenye gundi. Kwenye ya thelathini na kitu noti ilikuwa imenata ndani, imekunjwa mara nne, ya bibi mmoja jirani anayeuza ndizi njia panda.

Kaka akaichukua, akainyoosha kwenye goti, akaiweka kwenye bunda lake. "Tumebalansi," akasema, nasi tukaenda kulala.